Wametuuzia kebo iliyofungwa, wakatutoza na kiingilio cha njia ya bure

Wakuu, heshima kwenu. Leo ni siku ya tatu nashuka ngazi za hoteli hapa Cape Town kinyumenyume, maana mapaja yamegoma. Hasira nazo hazijapoa, kwa hiyo nikirukaruka mnivumilie.

Tulikuwa sita. Tuliilipa kampuni moja ya watalii safari ya siku moja mlima Table Mountain: kupanda kwa miguu kupitia njia ya Platteklip Gorge, kushuka kwa gari la kebo, lile linaloning'inia kwenye waya. Randi 1,400 kwa kichwa. Kilichonifanya nitoe hela ni hiyo kebo, kwa sababu shangazi yangu ana miaka 61 na goti lake moja halimtii. Nilimwambia yule dada wa ofisini mara mbili: kupanda atajikongoja, kushuka hatoweza. Akanijibu niondoe shaka, tiketi za kushukia wameshakata.

Tuliambiwa tutachukuliwa saa mbili asubuhi. Gari likafika saa nne na dakika ishirini, bila hata samahani. Wakati huo upepo wa kusini-mashariki ulikuwa unang'oa kofia za watu barabarani. Wenyeji wanauita Daktari wa Cape, na kila anayekula kwa mlima ule anajua kwamba ukikaza, kebo haitembei. Na si siri, wenye kebo hutangaza mtandaoni kila siku kama wamefungua au wamefunga. Tulipita mbele kabisa ya kituo cha chini, pale Tafelberg Road. Hakuna foleni, hakuna mtu. Nikauliza. Mwongozaji akasema, "Bado mapema, watafungua."

Njia yenyewe ni ngazi za mawe zinazopinda kulia na kushoto kwenye ufa wa mlima, mwinuko mwanzo mwisho. Ufa unatazama kaskazini, na huku kusini mwa dunia hiyo ndiyo pande inayopigwa na jua, kivuli cha kuhesabu. Asubuhi na mapema ingekuwa raha. Sisi tuliingizwa humo karibu saa tano, kila mtu na chupa ya maji ya nusu lita. Mreno António de Saldanha alipanda mlima huu mwaka 1503, na nina hakika alibeba maji kutuzidi.

Sitawadanganya, kule juu ni pazuri mno. Lile wingu wanaloliita kitambaa cha meza lilikuwa linamwagika ukingoni kama maziwa yanayofurika sufuria. Nililitazama dakika mbili, kisha tukaenda kituo cha juu, mita 1,067 kutoka usawa wa bahari. Mlango umefungwa. Nje tupo sisi, upepo, na pimbi wanatushangaa. Kijana mmoja aliyepanda kivyake akatuonyesha simu yake: tangazo la kufungwa lilitoka asubuhi, kabla hatujachukuliwa hotelini!

Nikamwambia mwongozaji anionyeshe tiketi. Ziko ofisini. Nikamuuliza beji yake iko wapi, maana Afrika Kusini mwongoza watalii lazima awe amesajiliwa na aivae beji akiwa kazini. Nayo iko ofisini. Hiyo ofisi ina vitu vingi kweli.

Shangazi alishuka Platteklip kwa makalio, ngazi moja moja, mkono mmoja begani kwangu, mwingine ameshika fimbo aliyoazimwa na mtu tusiyemjua. Masaa manne mazima. Mwongozaji alikuwa ametangulia zamani. Tumefika chini saa moja na nusu jioni, dereva anatudai pesa ya kumchelewesha. Jamani!

Usiku ndipo nikaisoma risiti vizuri. "Kiingilio cha mlima," randi 150 kila mtu. Wakuu, Platteklip haina geti wala kibanda cha tiketi. Hifadhi ya taifa ambamo mlima huu umo ina sehemu za kulipia, kama Boulders kwenye pengwini na Cape Point, lakini njia hii unapanda bure. Hizo randi 900 zetu zililipwa kwa nani?

Nimewaandikia. Wamejibu kwamba hali ya hewa iko nje ya uwezo wao na masharti yanasema hivyo. Mimi sijaulalamikia upepo hata kidogo. Nalalamika kwamba walijua, wakanyamaza, wakampandisha mama wa miaka 61 mlima ambao waliambiwa hawezi kuushuka. Wangesema asubuhi, tungesogeza siku, au shangazi angebaki chini anakunywa chai yake.

Nimewaomba kitu kimoja tu: namba za zile tiketi sita. Kimya mpaka sasa. Kuna mtu humu amewahi kurudishiwa hela na kampuni za watalii za huku? Ulipeleka malalamiko wapi, na walikutaka na vielelezo gani? Risiti na mawasiliano yote ninayo.