Majani yamefunika mpunga, jaruba la jirani safi. Nisaidieni wakuu

Jarubani: Wakuu, habari za jioni. Nina ekari 2 za mpunga wa SARO 5 Mbarali, zina wiki 5. Majani yamefunika mpunga, jirani tumepakana tuta tu na kwake safi! Silali. Nipige dawa ya majani, 2,4-D? Picha hiyo hapo.

MzeeWaTuta: Pole mkuu. Ulipandikiza au ulimwaga? Maji yakoje?

Jarubani: Maji yapo, mfereji uko karibu.

MzeeWaTuta: Sijauliza mfereji. Ndani ya jaruba.

Jarubani: Mbegu ilimwagwa, vibarua wa kupandikiza ghali. Maji yalitolewa wiki 3, udongo ukapasuka. Si ndiyo kilimo shadidi, kile cha maji kidogo? Au niache utaalamu?

MzeeWaTuta: Shadidi ni miche ya siku 8 hadi 12, sentimita 25 kwa 25, na kipalizi cha kusukuma kinapita mapema. Wewe umechukua ukavu peke yake. Jirani katuamisha maji sentimita 5 hivi, mbegu za majani chini zinakosa hewa. Zako umezifungulia mlango, na yakisharefuka maji hayayatishi. Ng'oa moja, tazama jani linapoungana na shina. Mpunga una kiulimi, kingozi chembamba hapo kwenye kiungo. Lile linalojifanya mpunga halina. Kama ndilo, 2,4-D hailigusi, hiyo ni ya majani mapana na ndago. Anza na mkono.

Mnyakyusa_Halisi: Afadhali yako. Kwetu Kyela mpunga wa nchi kavu unanyonywa na gugu la kiduha, ukishuka bondeni penye unyevu unakutana na mbosyo, mnyonyaji mwingine. Bibi alijua tumerogwa.

MamaPilau: Kuinama ndiyo hamtaki. Mama yangu alipalilia mara 3, mtoto mgongoni.

Jarubani: Dawa nimeshanunua jamani, kibarua anaingia kesho.

KijanaWaChimala: Ngojeni kwanza. Picha ina minazi. Mbarali iko Usangu hii ninayokaa mimi, minazi imetoka wapi? Hii chai.

MamaPilau: 😂😂 Na sukari imezidi.

MzeeWaTuta: Mleta uzi, uko wapi sasa hivi?

Jarubani: Picha nimeitoa mtandaoni, ila shamba lipo kweli. Mimi niko Dar. Shambani yupo shemeji, ananielezea kwa simu.

KijanaWaChimala: Hata la jirani kuwa safi kakuelezea yeye?

Jarubani: Ndiyo. Nimempigia atume picha. Hapokei.