Uzi wa 9 Desemba: ni lini hasa fahari ya kuwa Mtanzania ilikushika? Tupeane uzoefu

Mleta mada

Wakuu, heri ya sikukuu ya Uhuru.

Naipenda sana siku hii na sioni haya kulisema. Ila tukiulizana tunajivunia nini, wengi tunataja mlima, mbuga na tanzanite. Hivyo tulivikuta. Leo natamani tusimuliane yale ambayo watu waliyafanya, ukayaona mwenyewe au ukasimuliwa na aliyekuwepo, yakakufanya uone kwamba nchi hii ni yako kweli.

Naanza mimi. Nilisoma SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kampasi ya Mazimbu, Morogoro. Nilijua juujuu tu kwamba majengo yale waliyatumia wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Siku moja tunatoka darasani tukakuta wageni makaburini, na mama mmoja wa makamo amepiga magoti kwenye kaburi la kaka yake. Akatuuliza kama sisi ni wanafunzi wa pale. Tulipoitikia, alitushika mikono mmoja mmoja akitushukuru, sisi ambao wakati ule hata kuzaliwa tulikuwa hatujazaliwa. Alikimbia kwao akiwa binti, baada ya mauaji ya Soweto ya 1976. Hapa alipata kitanda, daftari na mtu wa kumtibu akiugua.

Ardhi ile serikali yetu iliwapa ANC, chama cha hao wapigania uhuru wa Afrika Kusini, wakajenga shule wakaiita jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979. Mwaka 1992 wakaikabidhi kwetu pamoja na majengo yote. Kongwa nako kulikuwa na kambi, Nachingwea walikuwepo FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, na Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, makao yake yalikuwa Dar es Salaam. Nchi ilikuwa maskini. Tungeweza kusema wacha tushibe kwanza, na hakuna ambaye angetulaumu. Hatukusema hivyo.

Karibuni. Andikeni kwa urefu mnaotaka.

Dereva wa Masafa

Mkuu, mimi naendesha gari kubwa, Dar hadi Lubumbashi kwa njia ya Tunduma na Kasumbalesa. Anayeijua Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, anaijua foleni yake, unaweza kukaa hadi unga ukuishie.

Mwaka mmoja 9 Desemba ilitukuta pale, upande wa Zambia, magari hayasogei. Watanzania tulikuwa wengi: Wasukuma, Wachaga, Wapare, Mmakonde mmoja, Mwarabu wa Tanga, tandiboi wa kutoka Kigoma. Alfajiri mzee aliyetutangulia wote katika kazi hii akapita gari kwa gari anagonga milango: "Amkeni, leo sikukuu." Tukakusanyika katikati ya matrela mawili. Kuna aliyekuwa na bendera ndogo kwenye kioo chake, tukaifunga kwenye chuma cha turubai, tukaimba wimbo wa taifa beti zote mbili. Jamani, kuuimba ukiwa uwanjani nyumbani ni jambo moja, kuuimba ugenini una vumbi la wiki nzima mwilini ni jambo jingine kabisa. Madereva wa Zambia walishuka kwenye magari yao wakavua kofia wakasimama wima, na hakuna aliyewaambia. Sauti ile wanaijua, maana wimbo wao wa taifa nao unaimbwa kwa tuni hiyohiyo ya Enoch Sontonga.

Baadaye tukachanga, tukapika sufuria moja.

Sasa ninachotaka kusema ni hiki. Nimepita nchi kadhaa, na zipo sehemu ukikwama anatafutwa kwanza mtu wa kabila lako ndiye akusaidie. Sisi gari likifa njiani Mpika, huko Zambia, anayesimama ni Mtanzania yeyote, na hakuulizi wewe ni wa wapi. Tumelizoea hili hadi tunadhani kila nchi iko hivyo. Kuna watu walikaa wakaliamua. Walichanganya watoto wa mikoa yote kwenye shule za bweni, wakawapangia watumishi vituo mbali na makwao, wakawalaza vijana hanga moja JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Mama yangu ni Mhehe, alipangiwa kazi Tarime, baba akamkuta huko. Mimi nimezaliwa kwa sababu ya barua ya uhamisho.

Mzee wa Ilala

Wajukuu zangu, anayebonyeza simu ni mjukuu, maneno ni yangu.

Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 nilikuwepo Uwanja wa Taifa. Nilikuwa mtoto wa shule, mama amenikamata mkono asije akanipoteza kwenye umati ule. Mume wa Malkia wa Uingereza, Prince Philip, alikuwepo. Ilipotimu saa sita taa zikazimwa, giza tupu, watu kimya. Zilipowaka, bendera ya Mwingereza imeshashuka, ya Tanganyika iko juu, ile ya kijani, nyeusi na dhahabu. Kelele za pale sijapata kuzisikia tena, na Saba Saba nimehudhuria nyingi.

Nilipomtazama mama nikaona analia, nikadhani amekanyagwa. Mama alikuwa mwana TANU, chama kilichodai uhuru, tangu 1955, wakati Bibi Titi Mohamed alipokuwa akipita mitaa ya Dar es Salaam kuwaandikisha wanawake. Akina mama walikuwa na vikundi vyao vya ngoma, lelemama na vinginevyo, na hivyo ndivyo vilivyoipeleka habari ya chama nyumba kwa nyumba kabla wanaume wengi hawajathubutu. Watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga. Mama hakuwa mtumishi wa mtu, alikuwa anauza vitumbua. Senti za chama alizitenga kabla ya kununua sukari ya nyumbani. Kusoma hakujua. Kadi yake aliiweka ndani ya Msahafu na hadi leo ninayo.

Vijana wengine husema uhuru wetu tuliupata bure kwa kuwa hatukupigana. Tulipigana. Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, vilimaliza watu kusini, na waliobaki wakauawa na njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Waliounda TANU walikuwa na kumbukumbu ya hayo na walijua bunduki ziligharimu nini. Kushinda bila kumzika mtu kulihitaji akili na subira, na ile subira ilikuwa kazi. Mimi niliiona ikifanyika jikoni kwetu.

Mwalimu Maalumu

Shikamoo mzee. Umenitoa machozi.

Mimi nafundisha watoto wenye mahitaji maalumu. Mwaka 2022 sherehe za Uhuru hazikufanyika, shilingi milioni 960 zilizotengwa kwa ajili yake zikaelekezwa kujenga mabweni kwenye shule 8 za msingi za watoto kama wangu. Shule yangu haikuwamo. Hata hivyo siku ile niliwasomea wanafunzi tangazo lote, na mtoto mmoja asiyeona akauliza, "Kwa hiyo sikukuu wametupa sisi?" Nikamjibu ndiyo. Mwaka 2015 nako gwaride lilifutwa, Rais Magufuli akatutaka tufanye usafi, na fedha zikapanua barabara ya Mwenge hadi Morocco.

Nisieleweke vibaya, bendera naipenda. Lakini kama kila mwaka sikukuu ingekuwa na kitu kimoja tunachoweza kukigusa kesho yake, mimi ningeridhika kabisa bila mizinga.

Mama Halaiki

Mwalimu, nakuheshimu kwa kazi yako, ila hapa nakupinga. Jina langu tu linakueleza kwa nini.

Nilikuwa shule ya msingi Temeke nilipochaguliwa kucheza halaiki. Mazoezi yalikuwa marefu na jua ni la Dar es Salaam, mnalijua. Tulitengeneza ramani ya Tanzania pale uwanjani, mimi nikawekwa mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mwalimu wetu alikuwa akisema, "Mtoto mmoja akichelewa, mkoa mzima unapotea." Pembeni yangu alisimama binti mwenye ualbino. Jua lilimuunguza kuliko sisi sote, kwa hiyo wakati wa mapumziko tulimzunguka ili apate kivuli, na mwalimu akamtafutia kofia ya rangi ya sare asitofautiane na wenzake. Siku yenyewe tulipopangana, uwanja mzima ulisimama. Sisi tuliokuwa ndani ya ramani hatukuiona, tuliona migongo ya wenzetu tu. Tuliijua kwa ule mshindo wa watu.

Kwetu hakukuwa na kitabu cha uraia. Nilichojifunza kuhusu nchi nilijifunza pale, kwa miguu yangu. Desemba 2023 tope liliposhuka kutoka mlima Hanang likazika watu Katesh, sijawahi kufika Manyara wala sina ndugu kule, lakini nilifunga nguo usiku uleule zikaenda na basi la asubuhi. Nilikumbuka mkoa mzima unapotea. Nyumba za watoto zijengwe, nakubali kwa moyo wote. Ila mtoto wa mtaani kwetu atajifunzia wapi kusimama na wenzake kama uwanja utafungwa?

Mwalimu Maalumu

Mama Halaiki, hilo la kivuli limeniingia. Basi tuombe na watoto wangu wachaguliwe.

Bado Natafuta

Nasoma, nawaonea wivu kwa nia njema. Nina shahada, ajira sina, na 9 Desemba hainipi hamu kama zamani. Kusema najivunia wakati nakula kwa dada inakuwa ngumu. Nchi siichukii. Naiona tu kama haijanifikia.

Mkimbiaji wa Mbulu

Mdogo wangu, usione aibu kuandika hivyo, ni halali yako. Mimi sina ajira ya kukupa, nina habari ya mtu wa kwetu.

John Stephen Akhwari alikwenda Mexico mwaka 1968 kukimbia marathoni ya Olimpiki. Akaanguka njiani, goti likaumia na bega pia. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amemaliza zaidi ya saa nzima kabla yake, giza limeingia na watu wengi wameondoka, ndipo akatokea uwanjani anachechemea na bandeji mguuni. Walipomuuliza kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 aanze mbio, ilimtuma azimalize. Kwetu Mbulu tunaokimbia tumekua na maneno hayo. Medali hakuleta, na hakuna anayemkumbuka kwa kukosa medali.

Nchi ile iliyomtuma ilikuwa haijatimiza hata miaka 7 ya uhuru, haikuwa na kitu. Kuna siku nimekaa mwisho wa mbio za mkoa, nimebaki peke yangu barabarani, nikamwaza yeye nikamaliza. Andika fani yako hapo chini, tusaidiane kutafuta.

Bado Natafuta

Asante kaka. Fani yangu ni upimaji ardhi.

Mpemba Halisi

Assalaam alaykum. Mie natoka Wete, na naomba niseme kwa uwazi ili uzi huu uwe wa sote. Kwetu sie Disemba tisa twaiheshimu, lakini siku inayotikisa moyo ni Januari 12, Mapinduzi ya 1964. Bendera yetu ya Zanzibar tunayo tangu 2005 na naipandisha kwa furaha. Wengine wakisikia hivi hudhani nataka Muungano uvunjike. Sivyo.

Mimi nilifunga ndoa na mwanamke wa Lindi. Siku ya posa wazee wake waliniuliza swali moja tu, kama nitamruhusu arudi kuwazika watu wake. Nikasema ndiyo. Mama yake alipofariki tulivuka bahari na basi usiku kucha, nikaingia kaburini mimi mkwe nikampokea. Hapana aliyeniuliza paspoti, hapana aliyenambia mgeni kaa kando. Fahari yangu ipo hapo, na inanitosha. Ninachowaomba wa bara ni kwamba tukiwasalimu Januari nanyi mtuitikie kama sie tunavyowaitikia leo.

Mleta mada

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Januari 12 nitafungua uzi, na wewe ndiye utaanza.

Binti Singida

Nimesubiri muda mrefu kuandika.

Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakachukua ardhi yetu hadi mto Kagera na kulivunja daraja la Kyaka. Baba yangu alikuwa mgambo kijijini, Singida. Alituambia siku Mwalimu Nyerere alipotangaza redioni kwamba uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo, kulikuwa na redio moja tu kijijini na watu walikaa chini kuisikiliza. Kesho yake wazee wakaanza kuleta ng'ombe kwa ajili ya jeshi. Hakuna aliyekuwa na ng'ombe wa ziada. Baba na mdogo wake wakajiandikisha pamoja. Baba alirudi 1979. Baba mdogo amezikwa Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa.

Nyumbani hatukuwahi kuzungumza habari zake sana. Kila 25 Julai, Siku ya Mashujaa, baba alivaa shati jeupe, akakaa nje asubuhi nzima, hakutaka chai. Alipozeeka aliniomba nimpeleke Kaboya. Tulizunguka na basi hadi Muleba, na pale makaburini akatembea mstari kwa mstari akisoma majina kwa sauti, yote, siyo la ndugu yake peke yake. Wengine aliwajua. "Huyu alikuwa wa Mtwara, alikuwa anapika vizuri. Huyu alikuwa wa Unguja." Alipofika kwa mdogo wake akamwambia habari za nyumbani: nani ameoa, nani amekufa, kisima kimechimbwa, mwanawe ni nesi.

Mpemba Halisi, ndiyo maana nimetaja Unguja. Amelala mstari mmoja na wetu.

Baba sasa hayupo. Julai naenda na wanangu wawili, na yeyote wa kanda ya kati anayetaka kufuatana nasi aniandikie, tunalala Muleba mjini usiku mmoja na kurudi. Njooni na majina ya watu wenu kama mnao kule, ili tusaidiane kuwatafuta.