Acheni kuwapa paka na mbwa panadol na dawa za kubahatisha, mnawaua!

Wakuu, heshima kwenu. Huu ni uzi wa malalamiko na sitaremba maneno.

Kila siku mtu anaingia kwenye makundi ya wafugaji anaandika: "Paka wangu hali tangu jana, mwili wa moto, nimpe nini?" Dakika tano hazijaisha keshajibiwa na watu ambao hawajamwona paka, hawajauliza uzito wala umri wake. Mpe nusu panadol. Mpe robo. Iponde uchanganye na maziwa. Kesho yake mwenye paka anarudi kusema kafa, na wale wale walioagiza nusu kidonge ndio wa kwanza kumpa pole. Pole ya nini? Nyie ndio mmemuua.

Ini la binadamu lina kimeng'enya kinachoifunga parasetamoli (ndiyo dawa yenyewe iliyo ndani ya panadol) ili itoke kwenye mkojo bila kudhuru. Paka hana cha kutosha. Dawa inabaki mwilini, inageuka sumu, inashambulia seli nyekundu za damu mpaka damu inakuwa ya kahawia na haiwezi tena kubeba hewa. Paka anakosa hewa huku mapafu yake ni mazima kabisa. Sasa pigeni hesabu. Kidonge kimoja ni mg 500, nusu yake ni 250. Paka mzima wa kawaida ana kilo 4. Hapo umempa zaidi ya mg 60 kwa kila kilo ya mwili, wakati madhara yameshaonekana kwa paka waliopata mg 10 tu kwa kilo. Ile "robo tu" mnayoisifia ni mara tatu ya hapo. Hakuna kipande cha panadol kilicho salama kwa paka, hata punje.

Na msingoje dalili ndipo muamini, kwa sababu zikija mmeshachelewa. Saa chache baada ya kumeza, paka anapoa, mate yanamtoka, anapumua haraka haraka. Mfunue mdomo uangalie fizi: badala ya waridi zimekuwa za kahawia au zina ubluu. Uso unavimba, nyayo zinavimba, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi. Dawa ya kupinga sumu hii ipo, inaitwa asetilisisteini, na madaktari wa mifugo wanaijua vizuri. Lakini inafaa ikianza mapema, na daktari ataianza mapema pale tu utakapomwambia ukweli. Wengi wanafika kliniki wanaapa kwamba hawajampa kitu. Daktari anahangaika kutafuta ugonjwa, muda unakwisha.

Jambo linaloniudhi kuliko yote ni kwamba mara nyingi homa yenyewe haikuwepo. Paka na mbwa wazima wana joto la nyuzi 38 hadi 39.2. Mkono wako una joto la binadamu, kwa hiyo ukimshika sikio au tumbo lazima utamwona wa moto. Pua kavu nayo siyo kipimo, mbwa akitoka kulala juani pua inakauka. Ukitaka kujua kama ana homa, tumia kipimajoto cha dijitali. Kipake mafuta ya mgando, mwingize ncha sentimita mbili kwenye njia ya haja kubwa, mtu mwingine amshikilie mbele, subiri kilie. Ikizidi 39.5 mpigie daktari. Ikifika 40 usipige simu, nenda. Kipimajoto hicho kiandikeni jina na kisirudi kwenye kabati la watoto.

Wenye mbwa msijione mko salama. Kwa mbwa shida kubwa ni dawa za maumivu za kundi la ibuprofeni na diklofenaki. Mbwa anachechemea, mtu anampa ibuprofeni ya mg 400. Kama ni mbwa wa kilo 5, hiyo ni mg 80 kwa kilo, na vidonda vya tumbo vinaanza kwenye mg 25 au hata chini ya hapo. Anatapika, kinyesi kinakuwa cheusi kinachonata kama lami (hiyo ni damu iliyomeng'enywa), na dozi ikiwa kubwa zaidi figo zinasimama. Mwingine atasema: lakini daktari wa mifugo mwenyewe anatoa meloksikamu, na mimi ninayo nyumbani. Sawa, dawa ni ile ile, ila kidonge cha mtu cha mg 7.5 ni dozi ya siku nzima ya mbwa mwenye kilo 75. Wewe wako ana kilo ngapi?

Sindano za "minyoo na upele". Hapa nina ugomvi na wauza dawa za mifugo pia. Mtu anakwenda dukani, anasema mbwa ana upele, muuzaji anavuta ivermektini ya ng'ombe kwenye bomba la sindano, anaziba sindano, anampa. Hakuna jina la dawa, hakuna kipimo, hajauliza kama ni mbwa mzima au mtoto wa wiki sita. Ile dawa ya asilimia 1 ina mg 10 kwenye kila mililita. Mbwa mwenye kilo 10 akiandikiwa mikrogramu 200 (mg 0.2) kwa kilo anatakiwa apate mililita 0.2, yaani sehemu moja tu ya tano ya bomba la mililita 1. Mtoto wa mbwa wa kilo 5 ni 0.1. Watu wanachoma mililita nzima! Hiyo ni mara kumi. Baada ya saa chache mtoto anayumba kama mlevi, mboni za macho zimepanuka, anagonga ukuta kwa sababu haoni, kisha anazimia. Dawa ya kuipinga haipo. Ni kumlaza, kumwekea dripu, kumgeuza upande na kusubiri siku kadhaa, kama atapona. Na wapo mbwa wa jamii ya collie na chotara wao ambao wana hitilafu ya kurithi inayoruhusu dawa hii kuingia kwenye ubongo. Hao hata dozi ya kawaida ya upele inaweza kuwamaliza. Muuzaji usiyeuliza aina ya mnyama, kazi hiyo huiwezi, uza vitu vingine.

Oili chafu ya gari. Jamani. Bado kuna watu mwaka huu wanapaka mbwa mwenye upele oili iliyotoka kwenye injini! Oili ile ina mabaki ya vyuma na kemikali za mafuta, inaunguza ngozi iliyokwisha chubuka, mbwa anajilamba anaimeza, na ikiingia kwenye mapafu anapata nimonia. Upele mara nyingi huletwa na utitiri, vidudu vidogo sana: wa aina moja unachimba mashimo ndani ya ngozi, wa aina nyingine unaishi ndani ya vitundu vya nywele. Oili ya juu haiwafikii ipasavyo. Mnaoshuhudia kwamba "mimi ilimponya" mnasahau kwamba watoto wa mbwa wenye mabaka machache ya utitiri wa kwenye nywele mara nyingi hupona wenyewe kadiri kinga yao inavyokua. Alipona licha ya oili. Daktari anakwangua ngozi kwa wembe butu, anaangalia kwenye hadubini, anajua ni utitiri gani au kama ni fangasi, ndipo anachagua dawa. Kwangua hiyo haichukui muda, na wala mbwa hasumbuki kiasi hicho. Krimu za kuzuia muwasho zenye steroidi nazo mziache: zinashusha kinga, na utitiri wa kwenye nywele unafurahi.

La mwisho kwenye malalamiko: dawa ya kupe ya mbwa kumwekea paka. Zile za matone ya shingoni zenye permethrini, nyingi zina asilimia 45 au zaidi. Kwa mbwa ni sawa. Paka anaanza kutetemeka masikio, kisha ngozi ya mgongo, kisha degedege. Watu wanagawa kifuko cha mbwa mkubwa, wanampa paka "tone moja tu". Kwenye pakiti kuna picha ya paka aliyekatwa mstari mwekundu, hamuioni? Hata usipompaka yeye, akilala na mbwa aliyepakwa leo au akimlamba anaweza kuipata, kwa hiyo watenge siku tatu. Ikishatokea, muogeshe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, rudia mara mbili. Yasiwe ya moto, maana ngozi itafyonza zaidi, wala ya baridi, kwa sababu akipoa mtetemeko unazidi. Mfunge taulo, peleka kliniki.

Na mnyama akishakula sumu au dawa isiyo yake, acheni kumnywesha maziwa, mafuta ya kula, mayai mabichi na chumvi. Maziwa hayazimui sumu. Mafuta yanaingia kwenye mapafu. Chumvi ikizidi inaua yenyewe kwa kuvuruga ubongo. Mnyama aliyelegea au mwenye degedege usimtie kitu chochote mdomoni. Kinachotakiwa ni hiki: chukua pakiti au chupa ya dawa, hesabu vidonge vilivyobaki, andika saa aliyokula, mpime uzito (panda mizani naye, kisha panda peke yako, toa), piga simu kliniki ukiwa njiani. Kutapisha ni uamuzi wa daktari, na kwa paka hakuna njia salama ya kumtapisha nyumbani.

———

Nimerudi kujibu baadhi yenu.

Mkuu unayesema wote hatuna hela ya daktari: nakuelewa, na sijasema kila kitu ni kliniki. Ila kutokumpa kitu ni bure, na mara nyingi ni salama kuliko hicho ulichotaka kumpa. Mbwa mzima aliyetapika mara moja na bado mchangamfu, mpumzishe chakula saa kadhaa, maji kidogo kidogo, kisha wali mlaini na kuku asiye na ngozi wala chumvi. Paka asiyekula ni habari tofauti: zikipita siku mbili bila kula, hasa mnene, mafuta yanaanza kujaa kwenye ini. Huyo usimsubirie.

Dada uliyeuliza kuhusu doksisiklini aliyoandikiwa paka: hiyo ni halali kwa kuwa imeandikwa na daktari, ila usimpe kidonge kikavu. Kinaganda kwenye umio na kuuchoma, kovu likikaza paka hamezi tena chakula kigumu. Baada ya kidonge mpe mililita 5 au 6 za maji kwa bomba lisilo na sindano, pembeni ya mdomo, polepole, au mpe chakula laini papo hapo.

Aliyesema anatumia matone yake ya macho kwa mbwa mwenye jicho jekundu: soma kichupa. Kama kuna deksamethasoni au jina lolote la steroidi, simamisha leo. Jicho likiwa na mkwaruzo kwenye kioo chake, steroidi inazuia kupona na kidonda kinaweza kutoboka. Daktari anaweka rangi ya kijani inayong'aa, mkwaruzo unaonekana palepale. Mpaka hapo, osha uchafu kwa maji safi ya chumvi ya hospitali na umzuie asijikune.

Na uliyeuliza kama sungura anaweza kupewa amoksilini iliyobaki nyumbani: hapana. Antibiotiki za jamii ya penisilini zikipita mdomoni zinaua bakteria wema wa utumbo wake, wabaya wanazaliana na kutoa sumu, anaharisha na kufa ndani ya siku chache. Sungura ana dawa zake. Na kama hajala wala kutoa kinyesi kwa saa 12, hiyo tayari ni dharura, usisubiri jibu la mtu humu.