Mjadala: kupandisha timu kwa pipi ni uvivu au ni akili?

MtafutaMia: Wadau, salaam. Juzi nimemaliza hadithi ya Violet, gemu ya Pokémon. Timu yangu yote sita iko kati ya levo 58 na 62, nami nataka ifike 100 haraka niingie reidi za nyota sita (vita vya kundi dhidi ya adui mmoja mkubwa) bila kuwa mzigo. Mara tatu mfululizo nimezimia mimi, muda ukakatwa, wenzangu wakanuna. Begi limejaa Exp. Candy, pipi za kumwongezea Pokémon pointi za uzoefu, lakini rafiki yangu anaapa kwamba Pokémon aliyekuzwa kwa pipi ni dhaifu kuliko aliyekuzwa kwa vita, na kwamba nitajuta. Kweli? Kama si kweli, njia fupi kuliko zote ni ipi?

Kikokotoo: Si kweli, ila rafiki yako hakuitoa hewani. Katika gemu za mwanzo kabisa Pokémon alijikusanyia nguvu za ziada kwa kila adui aliyempiga, na Rare Candy, pipi ya levo moja papo hapo, ilimpandisha bila kumpa nguvu hizo. Wakilingana levo, wa vita alimzidi wa pipi. Siku hizi nguvu za ziada ndizo EV: jumla 510, na takwimu moja, kama kasi au ulinzi, haivuki 252. Tangu Sword na Shield unaweza kujaza takwimu nzima kwa vitamini 26 bila kurusha hata ngumi moja. Pipi haimharibu mtu.

Sasa hesabu. Pokémon hawapandi kwa bei moja. Blissey anafika 100 kwa pointi 800,000. Garchomp na Gyarados wanadai 1,250,000. Garchomp wa levo 60 amebakiza 980,000, yaani Exp. Candy XL (zile kubwa kabisa) 33, kwa kuwa kila XL ni 30,000. Rare Candy usiziguse mwanzoni! Kwa hawa wazito, kuanzia levo 90 hivi kila levo inagharimu zaidi ya XL moja, na ile ya mwisho ni 37,000 na ushee. Huko juu ndiko Rare Candy inakolipa. Kuilisha Pokémon wa levo 20 ni kuitupa.

MtafutaMia: Duh, nimeshazitupa kumi na kitu. Asante mkuu.

JashoHalali: Haya, kizazi cha mkato kimeamka. Sisi tulipotaka kupandisha timu tulirudi kwa Elite Four, wale wanne wa mwisho kabla ya bingwa, tukamkuta Lance na Dragonite wake wa 62, kisha bingwa na Pokémon wake wa 65, tukawapiga, tukatoka, tukarudi tena. Vidole viliota sugu. Ndiyo maana mpaka leo namjua Pokémon wangu nani anavumilia na nani anaanguka kwa pigo la kwanza. Timu ya pipi ni shati la kuazima, linakukaa lakini si lako. Mnafanya gemu iwe ya kulisha watoto uji.

MamaWaWawili: Kaka Jasho, uji wa watoto naujua, nimetoka kuulisha sasa hivi. Nikishawalaza napata dakika arobaini za kucheza, nikibahatika. Unataka nizitumie kumpiga Dragonite mmoja yuleyule kila usiku mpaka wanangu waoe?

JashoHalali: Dada, sikukusema wewe.

MamaWaWawili: Umesema "watoto uji". Humu ndani mwenye watoto na uji ni nani?

Radi_ya_Usiku: Ametusema sote dada, tulia. Mimi nina swali dogo tu kwa mzee wetu wa jasho. Ulicheza Red na Blue, zile gemu za mwanzo, sawa. Hivi yule babu wa mji wa Viridian anayefundisha kukamata Pokémon hukuwahi kumwendea kwa sababu zako binafsi? Halafu ukaruka mpaka kisiwa cha Cinnabar, ukaogelea juu na chini ufukwe wa mashariki?

Kikokotoo: 😂😂

MtafutaMia: Sijaelewa, huko kuna nini?

Radi_ya_Usiku: Kuna MissingNo, mdogo wangu. Hitilafu ya gemu. Ukikutana nayo, kitu cha sita kwenye begi kinaongezeka 128. Sasa mwulize mzee wa sugu za vidole, nafasi ya sita aliweka nini.

JashoHalali: Hiyo ni habari nyingine kabisa. Ile haikuwekwa na watengenezaji, wachezaji wenyewe waliihangaikia, mtu akamnong'oneza mtu. Ilikuwa ugunduzi. Ninyi pipi mnapewa kwenye sahani.

Radi_ya_Usiku: Swali ni nafasi ya sita.

JashoHalali: Mara moja tu. Na orodha yangu ya mabingwa ikavurugika, picha zikawa takataka, kwa hiyo adhabu niliipata.

Radi_ya_Usiku: Pipi 128! MtafutaMia, wewe unazo ngapi?

MtafutaMia: XL 41 na Rare Candy 19.

MamaWaWawili: Nyani haoni kundule. Jasho halali kweli.

Kikokotoo: Turudi kwenye mada kidogo. Kuna jambo hamligusi: kwenye mashindano rasmi ya Scarlet na Violet Pokémon wote wanawekwa levo 50. Hyper Training nayo (mazoezi ya kukuza takwimu za kuzaliwa hadi kilele), iliyokuwa ikidai 100 enzi za Sun na Moon, sasa inaanzia 50. Kwa hiyo levo 100 ina maana kwenye reidi tu, kwa kuwa adui wa nyota sita ni wa levo 90. Mwenye shida ya reidi akuze Pokémon mmoja au wawili, si sita. Hilo pekee linaokoa zaidi ya nusu ya pipi zote mnazogombania.

JashoHalali: Radi, mtu anayechekelea mkato wa mwenzake miaka ishirini na ushee baadaye namjua hata bila kumwona. Wewe bila shaka, kati ya wale watatu wa kuanzia, ulimchagua Bulbasaur, yule wa nyasi.

KijaniKibichi: Nilikuwa nasoma kimya kimya. Bulbasaur amekufanya nini?

JashoHalali: Hajanifanya kitu. Ni chaguo la waoga tu. Kiongozi wa kwanza Brock, miamba. Wa pili Misty, maji. Nyasi inawafyeka wote wawili, hapo umeshapewa beji mbili za bure. Aliyeanza na Charmander, wa moto, ndiye aliyejua kupambana.

KijaniKibichi: Kwa hiyo kusoma ramani kabla ya safari ni uoga, na kwenda kichwakichwa kwenye mawe na moto wako wa kiberiti ndiyo ushujaa? Unajitafutia tabu halafu unadai tukupigie makofi.

Radi_ya_Usiku: Kwa taarifa yenu mimi nilianza na Squirtle, wa maji.

KijaniKibichi: Hakuna aliyekuuliza Radi.

Tarumbeta: Charmander anampiga Brock vizuri tu, anajifunza Metal Claw, pigo la chuma. Msitulishe matango pori.

JashoHalali: Umeona!

Kikokotoo: Metal Claw ni FireRed na LeafGreen, mwaka 2004. Katika Red na Blue aina ya chuma haikuwepo kabisa. Ila hata huko Ember, pigo la moto, ilimuumiza Onix wa Brock kuliko watu walivyodhani, kwa sababu Special yake, inayomkinga na pigo hilo, ni 30 tu. Halafu mjue kwamba hao watatu, Bulbasaur, Charmander na Squirtle, wanadai pointi zilezile 1,059,860 kufika 100. Kwa mada yetu hawana tofauti hata ya pointi moja.

KijaniKibichi: Tofauti ipo kubwa. Wa kwangu alifika kwa Brock akiwa na levo ya kawaida. Wa Jasho ilibidi apige viwavi msituni mpaka jua lizame ndipo athubutu kuingia. Ndiyo hiyo jasho anayoiimba, alijitakia mwenyewe kwa chaguo baya.

JashoHalali: Na Charizard, Charmander akishakomaa? Kwenye levo 36 mimi nina joka lenye mabawa, wewe una chura mwenye kabichi mgongoni. Nani anafurahi?

KijaniKibichi: Bulbasaur anakuwa Venusaur levo 32. Nne kabla yako. Na "joka" lako si aina ya joka, ni moto na ndege. Mwamba mmoja tu chali.

MamaWaWawili: Ha! Hapo pameuma.

Tarumbeta: Mimi nasema gemu iliharibiwa na Exp. Share, kifaa cha kugawa uzoefu, ya gemu za X na Y. Tangu hapo timu nzima inapanda utake usitake, hata aliyelala. Zamani ulimpa mmoja aishike.

MamaWaWawili: Ya X na Y ilikuwa na kitufe cha kuizima, mwaka 2013, sisi tuliokuwa hatuitaki tuliizima. Isiyozimika ni tangu Let's Go na Sword na Shield. Na mimi naishukuru. Nusu ya uzoefu anaoupata mpiganaji wanaupata na waliokaa. MtafutaMia, nikupe yangu: tengeneza sandwichi yenye Encounter Power ya Normal (inavuta Pokémon wa aina ya kawaida), nenda kaskazini mwa Paldea, nchi ya gemu yako, wanakojaa Chansey, weka mbele Pokémon wa pigo zito la kupigana kwa mikono, mwingine mpe Lucky Egg, yai la kuongeza uzoefu, ashike. Chansey mmoja analisha meza nzima. Ukichoka unatembea huku unamtuma mmoja kwa kitufe cha R apigane mwenyewe. Uzoefu ni mdogo kuliko vita kamili, lakini mkono mmoja unabaki huru, na mwenye mtoto begani atanielewa.

JashoHalali: Sasa hiyo ya Chansey naiheshimu. Kuna kazi pale.

Radi_ya_Usiku: Kumpiga muuguzi mwenye yai ndiyo kazi ya heshima, pipi ni aibu. Sawa mzee.

JashoHalali: Radi unanifuata humu tangu asubuhi. Una kesi na mimi?

Radi_ya_Usiku: Kesi ni zile 128.

KijaniKibichi: Hajanijibu kuhusu aina ya joka.

Tarumbeta: Mega Charizard X, Charizard akibadilika umbo vitani, ni joka.

KijaniKibichi: Mega ilikuja 2013! Tunaongea habari za mtu aliyejivunia joka enzi za skrini isiyo na rangi. Msimsaidie.

JashoHalali: Ana mkia wenye moto, mabawa, anatema moto. Mkimwona njiani mtamwitaje, kuku?

Kikokotoo: Jamani, kuna mtu amesoma nilichoandika kuhusu levo 50?

MamaWaWawili: Tumesoma kaka. Endelea kuwavumilia.

MtafutaMia: Narudi na ripoti. Nimefuata ushauri wa Kikokotoo, nikaacha hao wengine na kumkazania Garchomp peke yake. XL nilimlisha mpaka akavuka 90, kilichobaki nikamalizia kwa Rare Candy, na XL zaidi ya kumi zimebaki mkononi. Vitamini nimempa za nguvu na kasi. Shughuli yote haikufika robo saa, muda mwingi ukiwa ni kubonyeza tu. Usiku nimeingia reidi ya nyota sita. Tumeshindwa, ila safari hii aliyezimia si mimi. Rafiki yangu bado anasema Garchomp wangu "ana harufu ya sukari".

Na kabla hamjauliza, mimi nilianza na Sprigatito.

JashoHalali: Nyasi tena.

KijaniKibichi: Karibu nyumbani, mdogo wangu.