Mjadala: Watoto wenye usonji wasome na wenzao au watengewe madarasa yao?

Mwalimu_Arua: Tangu UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote hapa Uganda, ianze 1997 tunapokea kila mtoto, na ni haki. Lakini wenye usonji hawafanani hata wawili. Mmoja hasemi kabisa, mwingine anakutajia vituo vyote vya basi hadi Kampala. Hata picha za ubongo za MRI ni hivyohivyo: kuna ambao mawasiliano kati ya sehemu za ubongo zilizo mbali ni hafifu, na kuna ambao yamezidi. Darasa moja litawafaa vipi? Natetea madarasa maalumu.

Ssalongo_Jinja: Mwalimu, ubongo umeingiaje hapa? Zamani hawa hawakuwepo. Mama anamwachia mtoto simu kutwa, hamsemeshi, akichelewa kusema tunaambiwa ni ugonjwa.

Mama_Mbale: Ssalongo, nimesoma maneno yako mikono ikitetemeka. Wangu wa pili alilelewa kwenye nyumba isiyo na hata redio. Wakwe walisema kalogwa kwa sababu yangu, kanisani wakasema pepo, leo wewe unasema simu. Mnapishana kwa kila kitu ila kwamba kosa ni la mama.

Sista_Gulu: Lawama hiyo ni ya zamani. Huko Marekani nao waliwahi kuwaambia akina mama kwamba upendo wao baridi ndio chanzo, na wataalamu wakaja kuikataa nadharia hiyo. Daktari Leo Kanner aliueleza usonji mwaka 1943. Simu zilikuwa wapi? Tafiti za mapacha zinaonyesha urithi una sehemu kubwa.

Ssalongo_Jinja: Urithi? Ukoo wetu hauna mtu wa namna hiyo. Na zile chanjo mbona hamzitaji?

Sista_Gulu: Makala ya 1998 iliyosingizia chanjo ya surua ilifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010.

Okot_K: Ssalongo, ukoo wenu hauna, au yupo ila hakuwahi kutolewa nje wageni wakamwona?

Mwalimu_Arua: Jamani, niliuliza kuhusu madarasa.

Mama_Mbale: Na wewe Mwalimu umeniumiza. Hilo darasa maalumu kwetu liko wapi? Wangu yuko P.3, darasa la tatu. Hasemi, lakini akiona jina lake ubaoni anainuka kufuata chaki. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2020 inakataza kumbagua mtoto shuleni.

Mwalimu_Arua: Mama, nina watoto themanini peke yangu. Akishtushwa na kelele akaanza kupiga mayowe, nimshike yeye au niwafundishe wengine?

Mama_Mbale: Basi dai msaidizi wa darasa, nami nitasimama nawe kwenye kikao cha wazazi. Usidai mwanangu atolewe.

Ssalongo_Jinja: Okot, sijamalizana nawe. Umemaanisha nini kusema "hakutolewa nje"? Unawajua wazazi wangu?