Tiketi ya kuzunguka dunia au tiketi moja moja? Naomba ushauri kabla ya Ijumaa

Hamu_ya_Njia:
Wakuu, habari za humu. Mimi na mwenzangu tunaacha kazi kwa muda, tunataka kusafiri nchi mbalimbali na kukaa kwenye miji midogo, tuone watu wanavyoishi. Siyo kupiga picha na kuondoka. Wakala ametuwekea nafasi ya tiketi ya kuzunguka dunia na ataishikilia hadi Ijumaa. Rafiki yetu anasema tununue moja moja kadiri tunavyokwenda. Mliopita njia hizi, ipi ina nafuu?

Bahasha_Nyekundu:
Mkuu, mengi ya muhimu umeyaacha. Mna pasipoti za nchi gani? Miezi mingapi? Mnaelekea mashariki au magharibi? Bila hayo tutabahatisha tu. Anza na pasipoti: kuna zinazoingia nchi ya Georgia na kukaa mwaka mzima bila viza, na kuna ambazo lazima ziombe viza kwanza. Pasipoti ndiyo inayochora njia, siyo wakala.

Ramani_Mezani:
Mimi niliitumia tiketi hiyo na niliridhika sana. Zinauzwa na miungano ya mashirika ya ndege: ile ya oneworld inaruhusu hadi vipande 16, yaani safari moja moja, ya Star Alliance vituo hadi 15, na mna mwaka mmoja wa kuimaliza. Mnakwenda upande mmoja, mnavuka Atlantiki mara moja na Pasifiki mara moja. Kubadili tarehe kwa kawaida si kazi, kubadili njia ndiko kunakogharimu. Na afisa wa uhamiaji akiuliza mtatokaje nchini mwake, jibu mnalo mkononi. Anayenunua moja moja mara nyingi hukwama hapo, tena kwenye kaunta ya ndege kabla hata hajapanda.

Mzee_wa_Reli:
Nimeshalisema humu mara nyingi: panda treni. Ndege inakushusha kwenye mji mkuu, miji midogo unaipita juu mawinguni. Ulaya kuna tiketi moja ya reli kwa nchi 33, Interrail kwa wakazi wa huko na Eurail kwa wageni. Uzbekistan unatoka Tashkent, unashuka Samarkand, unashuka Bukhara, kila kituo ni mji wa kukaa wiki.

Nyayo_Taratibu:
Mzee ametaja Bukhara, basi niseme yaliyonikuta. Ni marefu, mnivumilie.

Nilikuwa na tiketi ya aina hiyo hiyo, vipande kumi na viwili, tarehe zote zimepangwa. Nilitua Tashkent, nikapanda treni hadi Bukhara nikiwa na siku mbili tu. Katikati ya mji wa kale kuna bwawa, Lyabi-Hauz, la karne ya 17. Ngazi za mawe zinashuka hadi majini na miforsadi mizee imeliinamia. Si mbali na hapo nilimkuta fundi mmoja mzee anayegonga nakshi kwenye sahani za shaba. Akanisogezea kigoda. Asubuhi ya pili akanipa nyundo ndogo na patasi. Mstari wangu ukaenda upande, akanishika mkono na kuurudisha njiani, bila neno. Tulikuwa na maneno kama ishirini tu tunayoelewana. Sikuweza kuondoka.

Nikampigia wakala abadilishe tarehe. Akasema tayari. Wiki mbili baadaye nafika uwanjani, dada wa kaunta anageuza skrini nijionee: abiria hakutokea kwenye kipande kile, na vyote vinavyofuata vimefutwa. Saba! Niliketi juu ya begi langu pale pale, miguu haina nguvu. Kurudi nyumbani kulimeza akiba ya miezi minne.

Zile wiki mbili sizijutii hata kidogo. Najutia kutodai tiketi mpya kwa maandishi kabla ndege haijaondoka.

Ramani_Mezani:
Pole sana ndugu yangu. Ila naomba kutofautiana: hilo ni kosa la wakala, siyo la tiketi.

Nyayo_Taratibu:
Wakala alikosea, sawa. Lakini kwa tiketi moja moja ningepoteza safari moja, siyo saba. Na mtu anayetaka kuujua mji hawezi kujua miezi sita kabla kwamba huu atautaka siku mbili na ule siku arobaini.

Jua_la_Asubuhi:
Mimi naona mnakuza mambo. Kaeni Ulaya hata miezi sita. Siku ya 90 ikifika mnatoka kidogo, mnarudi, hesabu inaanza upya.

Bahasha_Nyekundu:
Hapana, tafadhali asikufuate mtu! Schengen, zile nchi za Ulaya zilizounganisha mipaka, ni siku 90 ndani ya kila siku 180, na dirisha hilo linasogea nawe kila siku. Kutoka wikiendi hakufuti kitu. Nchi zote 29 zinahesabiwa kama moja, hivyo kuhama Ureno kwenda Slovenia hakukusaidii. Tangu Oktoba 2025 wameanza mfumo wa EES wa kusajili wanaoingia na kutoka, alama za vidole na picha ya uso badala ya mihuri, kompyuta ndiyo inayohesabu. Anayetaka kubaki upande ule aende Albania au Ireland, ziko nje ya hesabu hiyo, ila nazo zina masharti yake.

Hamu_ya_Njia:
Asanteni wote. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Ni miezi minane, tunaelekea mashariki. Pasipoti zetu ni za nchi mbili tofauti, yangu inahitaji viza sehemu nyingi, ya mwenzangu siyo sana.

Bahasha_Nyekundu:
Hilo ndilo lilitakiwa liwe mstari wa kwanza wa uzi! Chukueni orodha ya vituo vya wakala, pitieni kimoja kimoja kwa pasipoti iliyo dhaifu. Angalieni pia kama ina uhai wa miezi sita zaidi na kurasa tupu za kutosha.

Ramani_Mezani:
Na cheti cha homa ya manjano. Tangu Julai 2016 ni cha maisha, lakini kinaanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo, msichanjwe siku ya kuondoka.

Mzee_wa_Reli:
Mabegi je? Msije na masanduku ya magurudumu. Kwenye vichochoro vya mawe yanapiga kelele mtaa mzima na gurudumu linang'oka. Begi la mgongoni, lita 40, basi.

Jua_la_Asubuhi:
Mzee, mgongo wangu hauwezi tena. La magurudumu limenifikisha nchi kumi na moja.

Mzee_wa_Reli:
Magurudumu mawili au manne?

Hamu_ya_Njia:
Tumekaa na orodha usiku huu. Kati ya vituo tisa, vinne vinahitaji viza yangu kabla, na viwili mwenzangu hataki kuviacha. Nimemwomba wakala aongeze siku tatu, bado hajajibu. Nyayo_Taratibu, yule fundi wa shaba, anapatikana upande gani wa bwawa?