Mtoto alizaliwa mdogo, sasa ana miaka 3 na harefuki. Sindano za homoni ya ukuaji zikoje?

Mama Zai, Mikindani:
Habari za jioni wana jukwaa. Binti yangu ametimiza miaka 3 na ana sentimita 83 tu. Si njiti, nilimbeba mpaka mwisho, ila presha ilinipanda vibaya mimba ikiwa kubwa, akazaliwa na kilo 1.8. Kula anakula, ugali wa muhogo na samaki kama sisi, na uji wa karanga asubuhi. Lakini gauni la Idd ya mwaka juzi bado anavaa, linambana kwapani tu. Mama mkwe ananiambia nitulie, eti kwao wote wanachelewa. Wifi yangu aliyeko Marekani anasema kule watoto wa namna hii huchomwa sindano za homoni. Na hapa Mtwara kuna jamaa anauza vidonge vya kurefusha watoto, ananitumia matangazo kila siku. Kuna anayejua ukweli?

Mwana wa Newala:
Mimi nilikuwa wa mbele kwenye foleni ya shule mpaka la saba, leo naitwa Twiga. Mpe ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, atarefuka.

Nesi Mstaafu, Lindi:
Twiga, wewe ulichelewa kubalehe ndipo ukafyatuka. Huyu mtoto kaanza udogo tumboni, usimchanganyie mama mambo.

Mama Zai, pole mwanangu. Presha ya mimba hupunguza damu inayopita kwenye kondo, mtoto hapati chakula cha kutosha. Malaria na upungufu wa damu navyo hufanya hivyohivyo. Wengi wa watoto hawa, kama 9 kati ya 10, huwafikia wenzao kabla ya miaka 2. Wachache hubaki nyuma, na ndio wanaofikiriwa sindano. Wifi yako hajakudanganya: Marekani iliidhinisha matibabu hayo mwaka 2001 kwa watoto ambao mpaka miaka 2 hawajawafikia wenzao, Ulaya ikafuata 2003, ila wao huanzia miaka 4. Sentimita 83 kwa binti wa miaka 3 ni chini hata ya mstari wa mwisho kwenye kadi ya kliniki, kwa hiyo mama mkwe na asamehe, hilo si la kutulia.

Lakini kwanza apimwe upya, na apimwe sawasawa. Nimeona kliniki watoto wakipimwa na viatu! Fumua nywele kama umemsuka yebo yebo juu ya utosi, visigino viguse ubao, magoti yasikunjwe. Kisha mwone daktari wa watoto. Atataka damu, selimundu, tezi ya shingo, minyoo, na pengine eksirei ya kiganja cha kushoto kuona umri wa mifupa. Atawauliza na urefu wenu wazazi. Watoto wengine wadogo hivi wana tatizo la kurithi, na njia yao ya tiba ni tofauti.

Huyo wa vidonge mfukuze. Homoni ya ukuaji ni protini, ukiimeza tumbo linaisaga kama linavyosaga dagaa. Ndiyo maana ni sindano.

Baba Ima, wa Masasi ila niko Dar:
Wangu yumo kwenye hizo sindano, tulipewa rufaa kutoka huko kusini. Ni kila usiku kabla ya kulala, kwa kikalamu chenye sindano fupi, leo paja hili kesho lile. Mtoto anazoea, mama yake ndiye alilia. Tatizo ni pesa. Dozi inapigwa kwa kilo, kwa hiyo mtoto akikua na gharama inakua, na bima yetu ilikataa. Pia lazima ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda imeharibika. Tukija Masasi naibeba kwenye kiboksi, barafu nimeizungushia taulo isiiguse. Nikifika tu umeme unakatika. Na gesi ya kufua umeme inatoka kwetu, jamani!

Daktari alituambia mapema tusitegemee mrefu wa kucheza kikapu. Wanaotumia miaka mingi huongeza kwa wastani kama sentimita 6 kwenye urefu wa utu uzima. Sukari ya damu anapimwa, na akilalamika kichwa au nyonga tuna amri ya kurudi haraka.

Mama Zai, Mikindani:
Asanteni sana. Shikamoo mama nesi. Kuna jambo moja: kadi yake ya mwanzo ilitafunwa na panya, niliyo nayo inaanzia mwaka na nusu. Daktari atanipokea?

Nesi Mstaafu, Lindi:
Marahaba. Atakupokea. Pitia kwanza kituo ulichojifungulia, uzito wa kuzaliwa na umri wa mimba vimo kwenye rejista ya wodi ya wazazi, waombe wakuandikie na wagonge muhuri. Nenda mapema, kabla foleni ya chanjo haijajaa.